Tua Mzigo Kwanza

Nakumbuka siku moja nilisimama ndani ya maji ya Ziwa Mweru, mzigo kichwani, nikigombana na mwanamke aliyekuja kunipokea. Maji yalinifika magotini. Yeye alikuwa amenyoosha mikono juu, mimi nimeushika mzigo wangu kwa mikono miwili, na watu wa ufukoni wakaacha samaki wao wakaja kutazama nani atashindwa. Mwanangu, leo nitakueleza ugomvi ule tangu mwanzo wake, kwa sababu jana nilipita mbele ya nyumba yako na nikaona nilichokiona.

Niliona mfuko wako umefungwa kamba, umekaa kando ya mlango vilevile ulivyokaa siku lori lilipokuleta hapa Mantapala, kwenye makazi haya yetu ya wakimbizi upande wa Zambia. Niliona jembe ulilopewa bado lina karatasi yake. Na vile vijiti vya muhogo ulivyogawiwa umeviegemeza ukutani, juani, vinakauka, na mvua ya kwanza imekwisha kunyesha. Nilipokuuliza, Sifa, ulinijibu kwa heshima, hilo silikatai. Ulisema, ukiniita bibi kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Kambo, miye niko napita tu. Nikipanda muhogo huku, njo nimesahau kwetu. Mwacha asili ni mtumwa."

Nilinyamaza, nikaenda zangu. Usidhani nilinyamaza kwa kukosa jibu. Maneno hayohayo niliyasema mimi, kwa sauti kubwa kuliko yako, wakati wewe bado hujazaliwa. Nimelala nayo usiku mzima na asubuhi hii nimeamua: sitanyamaza tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini na mkuu asiyesema naye ana lawama yake. Kaa, basi. Na ninyi wengine mnaopita mkijifanya mnakwenda kisimani, kaeni pia, maana nawajua, mifuko yenu nayo nimeiona.

Nilikuwa msichana, sijaolewa, naishi na mama upande ule wa Kongo, karibu na Pweto. Mama alikuwa mkulima wa njugu mawe. Si njugu zile nyeupe za sokoni. Zake zilikuwa nyekundu zenye doa jeusi, alizipokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, na kila mwaka kabla ya kupika alikuwa anatenga kwanza mbegu. Hata mwaka wa njaa tulikula majani, mbegu ikabaki kwenye chungu chake. Mimi na ubishi wangu niliwahi kumwambia kwamba anapenda njugu kuliko watoto. Alicheka, akasema watoto hula njugu, lakini njugu hazijawahi kula mtoto.

Vita vikafika. Vita ni vita, mwanangu, nawe umeviona vya kwako, sitakusimulia moshi na mayowe. Nitakueleza kitu kimoja tu. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, hawezi kutembea hadi ziwani, na ndugu zetu wa kumbeba walikuwa wameshatawanyika. Alichukua chungu chake, akamimina mbegu zote katika kitambaa, akakifunga, akakitia katikati ya nguo zangu, akafunga na nguo. Akanisokotea ngata ya kitambaa, akaniwekea kichwani yeye mwenyewe, akapandisha mzigo juu yake.

"Kamata hii," akasema. "Hii njo shamba yetu. Vita ikiisha, uirudishe, tupande pamoja. Usiipoteze, mwanangu. Nguo poteza, hii apana."

Nililia nikasema sitamwacha. Akanisukuma mgongoni kwa mkono, si kwa upole. Nikaenda. Kwa hiyo uelewe nilichokuwa nimebeba: shamba zima lilikuwa kichwani mwangu, na ahadi juu yake.

Mashua iliyonichukua ilikuwa ya wafanyabiashara wa samaki, ikatuteremsha Chisenga, kile kisiwa cha kambi za wavuvi. Ulipopita pale ulikiona, sijui. Siku hizo kilikuwa nyumba za nyasi, mitumbwi, na dagaa wetu wa Mweru, wale tunaowaita chisense, wameanikwa mchangani kila mahali mpaka huna pa kuweka mguu. Pale ufukoni pana desturi, na mimi sikuijua. Mgeni akishuka na mzigo kichwani, hatui mwenyewe. Mwenyeji mmoja anaingia majini kumlaki, ananyoosha mikono. Wote wawili wanapiga magoti kidogo, wanashuka pamoja, mzigo unafika chini taratibu. Halafu mwenyeji anaitoa ngata kichwani kwa mgeni na kuondoka nayo, anaitundika kwake. Ngata yako ikiwa katika nyumba ya mtu, wewe ni mgeni wa mtu yule: unakula kwake, unaulizwa habari, ukiugua unauguzwa. Kabla ya hapo hakuna anayekuuliza hata jina. Mtu haulizwi habari akiwa na mzigo kichwani, ni kumtesa.

Aliyeingia majini kunilaki aliitwa Bana Mwape, yaani mama wa Mwape kwa lugha yao, mama mnene, mjane, Mbemba wa palepale, mwanikaji wa chisense. Alijua Kiswahili cha biashara, kile cha kupimia samaki na kukata bei.

"Mwaiseni, mukwai," akasema, akinikaribisha kwa Kibemba. "Leta muzigo. Tuula."

Mimi nikashika mzigo kwa nguvu. Niliona mikono tu, mwanangu. Njiani nilikuwa nimeona mikono mingi, na hakuna hata mmoja ulionyooshwa kwangu ukarudi mtupu. Nikasema, "Apana, mama. Nabeba mwenyewe. Miye niko napita tu."

"Unapita kwenda wapi?" akauliza. "Mbele kuko maji tu."

Watu wakacheka. Kweli kilikuwa kisiwa. Lakini mtu akichekwa hukaza kamba, na mimi nilikaza. Nikasimama. Naye akasimama, mikono juu. Kwa desturi yao aliyenyoosha mikono haishushi mpaka ipate kitu. Nikaangalia kando, nikaangalia mawingu, nikamwangalia tena: bado yupo, mikono juu, jasho linamtiririka, uso wake hauna hasira wala haraka. Aliniangalia kama mtu anayengoja chungu kichemke. Mwisho shingo yangu ndiyo iliyokubali, si mimi. Ilianza kutetemeka, nikapiga magoti kidogo, naye akapiga, mzigo ukashuka.

Nilipouona chini nilihisi kichwa changu kinapaa. Machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Bana Mwape akanyoosha mkono kuchukua ngata, hapo nikawa mwepesi kuliko yeye: niliing'oa kichwani, nikaichomeka kiunoni ndani ya kitenge. Kutua nilitua, lakini ngata sikutoa. Watu wakaguna. Yeye akainua mabega, akaniambia nimfuate, chakula cha mgeni hakiwezi kungoja ngata.

Jioni ile tukila bukari, ugali wetu, na majani ya muhogo, yale sisi tunaita sombe na wao wanaita katapa, nilimwuliza lile neno alilonitupia majini. Nilikuwa nimelielewa, na hilo ndilo lililonishangaza. Kwa lugha ya mama yangu tunasema karibu vilevile. Waswahili wa pwani, nilikuja kujua baadaye, wanasema kutua. Yeye akaniambia kwao kutuula ni kushusha mzigo kutoka kichwani au begani, hakuna jambo jingine. Si kutupa. Si kuangusha. Ni kushusha ukiwa bado unakipenda kitu unachokishusha.

Nimelifikiria neno hilo miaka yote, mwanangu, na kwa kuwa sina shule ya lugha nitakwambia nilivyoliona kwa macho yangu. Watu wanasema ndege ametua mtini, jua limetua, siku hizi hata eropleni inatua na vijana mnapiga makofi. Lakini bibi zetu hawakuanza na eropleni. Naamini walianza na mzigo. Walikuwa watu wa kutembea, wanabeba, wanachoka, na mahali walipotua mizigo pakawa kituo. Ndiyo maana lori lilikushusha kituoni, na ukiumwa unakwenda kituo cha afya. Na aliyetua ndiye aliyetulia, hapo ndipo utulivu unapotoka. Mnautafuta utulivu kwa kuomba na kufunga, na ni vizuri kuomba, mimi mwenyewe kila Jumapili niko kanisani benchi la mbele. Lakini huwezi kutulia kabla hujatua. Hata neno lenyewe linakataa.

Basi nikakaa kwa Bana Mwape. Mchana nilimsaidia kuanika chisense na kufukuza ndege. Mzigo wangu sikuufungua. Usiku niliulalia kama mto, na mchana, usicheke, nilikwenda nao ufukoni. Naweka ngata, napandisha mzigo, naanika samaki kwa mkono mmoja, na mwingine umeushikilia. Ungeniona ungesema mzigo umeniota kichwani. Watoto wa kambini wakanipa jina, Nachisendo, mama wa mzigo. Chisense nilizoanika mimi zilikuwa zimerundikana vibaya, zinaoza katikati, kwa sababu mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kuinama akazitandaza. Bana Mwape alikuwa akipita nyuma yangu anazitandaza upya. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, huoni uzito wake. Yeye aliuona wangu. Alikuwa anangoja mvua tu.

Mvua ilipokuja, kambi nzima ya wanawake ilishika majembe. Nyuma ya nyumba zao palikuwa na mwinuko wa ardhi, mchanga mwekundu kidogo, kila mwanamke na kipande chake. Bana Mwape akanionyesha kipande kando ya chake.

"Hiki ni chako," akasema. "Lima."

Nikamjibu kwa yale maneno, Sifa. Yale ya jana. Nilisema nikipanda huku watu watasema nimehamia. Nikasema mama yangu ananingoja. Nikasema mbegu niliyo nayo ni ya udongo wa kwetu, si ya huu. Na nikamalizia kwa mwacha asili ni mtumwa, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Bana Mwape akaegemea jembe lake. Kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kila neno akiliweka chini peke yake.

"Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Miye nilikuacha miezi. Sasa nauliza. Asili yako iko wapi?"

"Iko mu muzigo," nikasema.

"Fungula, tuone kama ingali."

"Mama alisema nisiipoteze."

"Mama yako alisema usiipoteze. Alisema usiifungule?"

Akasema tena, na haya nitayasikia hadi siku ya kuzikwa: "Mbegu iko inalala kitandani na mutu namuna gani? Mbegu ni mutu wa kukaa chini. Weye unaibeba juu, juu, juu. Unaichunga mupaka inakufa, njo unaita ile kupenda."

Nilikaa mchangani, nikafungua. Nguo nikazitoa, nikafika kwenye kitambaa cha mama, na kabla sijafungua fundo nikaona unga. Unga mwembamba, wa kijivu, umetoka katika nyuzi. Nikafungua. Mwanangu, fukusi walikimbia kila upande, wanapanda mikononi mwangu. Njugu za mama, zile nyekundu zenye doa jeusi, zilikuwa zimetobolewa tundu tundu, ukishika unavunja ganda tupu. Shamba letu lote, la bibi na mama wa bibi, lilikuwa limeliwa juu ya kichwa changu, na mimi nimelishikilia kwa mikono miwili.

Nililia kilio ambacho sikulia siku ya kuondoka. Nikasema nimemuua mama. Wanawake wakaacha kulima. Bana Mwape hakunibembeleza, wala hakuniambia "nilikwambia." Alikwenda nyumbani, akarudi na beseni la maji. Akachukua kile kitambaa, akamimina kila kitu ndani: unga, maganda, fukusi, vyote. Vikaelea. Vilijaa juu ya maji kama povu chafu, nikageuza uso.

"Angalia," akasema.

"Sitaki kuangalia."

"Angalia chini."

Akaingiza kiganja, akasukuma uchafu kando. Chini kabisa ya beseni zilikuwa njugu. Chache. Zilitosha kujaza kiganja kimoja, kiganja changu cha wakati ule, kidogo. Nyekundu, doa jeusi, nzima.

"Ile inaelea, ile imekufa," akasema Bana Mwape. "Ile inashuka chini, ile iko na uzima. Sasa shika jembe, kabla fukusi haijarudi."

Tulizipanda saa ileile. Nilichimba mwenyewe, kishimo kwa kishimo, nikainama kila mara, na ngata iliyokuwa imechomekwa kiunoni ikawa inanichoma mbavuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na njugu mawe mwanangu ni za mvunguni kwelikweli, zinazaa chini ya udongo, hazimwonyeshi mtu aliyesimama chochote. Nilipomaliza nikachomoa ngata, nikampa Bana Mwape. Sikuambiwa. Akaipokea, akaipangusa mchanga, akaenda kuitundika kwenye mwamba wa nyumba juu ya mlango wake.

"Siku utaenda, nitakurudishia," akasema. "Ngata haiozi."

Kuanzia siku ile nililala usingizi. Chisense zangu zikaanza kukauka vizuri, maana niliinama kama wengine. Jina la Nachisendo likapotea, watoto wakatafuta wa kumcheka mwingine. Na nilikuwa nawaza kwetu kuliko mwanzo, hapo ndipo mimi mwenyewe nilishangaa. Nilipokuwa na mzigo kichwani nilikuwa nawaza mzigo, nisiibiwe, nisilowe. Nilipoutua ndipo nikapata nafasi ya kumwaza mama.

Zile njugu zilizaa. Mavuno ya kwanza hatukula hata moja, Bana Mwape alinitazama nikipitisha mkono karibu na chungu, nikaurudisha. Tukapanda tena. Mavuno ya pili tukaonja, tulichemsha na chumvi kidogo, na ladha ilinipeleka jikoni kwa mama moja kwa moja. Vita vilipopoa nilikuwa na kikapu kizima. Siku ya kuondoka Bana Mwape aliitoa ngata juu ya mlango, akaniwekea kichwani yeye mwenyewe, akapandisha kikapu juu. Tukasindikizana hadi majini. Nililia tena, safari hii kwa ajili yake.

Mama nilimkuta hai. Watu waliniambia njiani nisitegemee, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kaburi. Nilimkuta kakaa mlangoni kwa jirani, mwembamba, macho yamefunga ukungu, haoni vizuri. Kijiji chote kilikuwa hakina mbegu. Walipita wenye bunduki wakala kila kilichokuwa chunguni, wakala na ya kupanda. Nilimtulia kikapu miguuni. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alitia mkono, akachukua njugu moja, akaizungusha kati ya vidole, akatafuta kijitundu kwa ukucha, hakukiona. Akaichukua nyingine.

"Njo yenyewe," akasema, yaani ndiyo hasa ile ya kwetu. Halafu akauliza, "Uliifunga muzuri?"

"Apana, mama," nikasema. "Niliitua. Kwa watu, ng'ambo."

Akaendelea kuzungusha njugu. "Kumbe uko na akili," akasema. "Kama ungeifunga, ungeniletea fukusi."

Sikumweleza habari ya fukusi. Mambo mengine mzazi haambiwi, nimekueleza wewe tu. Msimu ule kijiji kizima kilipanda njugu zilizotoka Chisenga, na watu wakaziita njugu za mama, kama zamani.

Sasa, Sifa. Vita vimerudi uzeeni mwangu, vikanivusha ziwa mara ya pili, safari hii nikaletwa huku porini Mantapala, nimepewa kiwanja kama wewe. Kitu cha kwanza kufanya, hata nyumba haijapata mlango, nilizitua ardhini zile njugu nilizovuka nazo. Mke wa mwanangu alinikasirikia, alisema kichwa cha mzee kimechoka. Ukipita kwangu utaziona, ziko nyuma ya choo, kando ya muhogo. Na juu ya mlango wangu utaona ngata zimetundikwa. Hukuwahi kuniuliza ni za nini. Ni za wageni waliofika baada yangu, wakapiga magoti pamoja nami. Baadhi yao wamekwisha kurudi kwao, wakaja kudai ngata zao, nikawarudishia.

Nakusikia unasema moyoni: muhogo unachukua muda mrefu mno, mimi kesho naondoka. Haya, ondoka kesho. Lakini mwenye kuondoka kesho hula nini mwakani kama hiyo kesho ikichelewa? Na ukiondoka kweli, kata vijiti vyako uende navyo, au mwachie atakayekuja nyuma yako na njaa yake. Muhogo haumfungi mtu mguu. Mtu hufungwa na mfuko ulioko mlangoni, anaogopa hata kwenda mbali na kivuli chake.

Wala sikwambii ukae hapa milele. Maji yakituama sana yanazaa mbu, na mtu naye vilevile. Mimi mwenyewe nitarudi, kwa miguu au kwa jeneza, na wanangu wanajua. Nakwambia kushusha si kushindwa. Vita vilitushusha vibaya, kwa kutuangusha, kwa hiyo tukisikia kushuka tunaogopa. Kutua ni jambo jingine, unalifanya mwenyewe, magoti yako yanajua, na unapata mikono miwili. Mwenye mzigo kichwani hainami, asiyeinama hapandi, na asiyepanda siku ya kurudi atarudi kwao na unga wa fukusi. Hiyo ndiyo nasaha yangu yote. Asili haikai katika fundo la kamba. Ukiipenda, itie udongoni, udongo wowote Mungu aliokupa leo, ikue, ndipo utakuwa na kitu cha kurudisha.

Vile vijiti vyako vina siku chache vife. Kesho asubuhi nitakuja mlangoni kwako. Nitanyoosha mikono juu, na kwa desturi niliyofundishwa sitaishusha mpaka ipate kitu. Magoti yangu ni ya mzee, mgongo unauma, na nina ukaidi niliourithi kwa Bana Mwape, usinijaribu. Nikianguka pale, utanizika wewe.

Basi nikija, piga magoti kidogo, nami nitapiga. Tutashuka pamoja. Halafu unipe ngata yako, nikaitundike. Mungu aliyekuvusha maji akutulize roho. Akupe mvua ya kutosha na mikono ya kuinama. Mbegu yako izame, isielee. Na siku ukija kuidai ngata yako, mwanangu, Mungu akukutanishe na waliobaki nyuma wakiwa hai, wakae mlangoni, watie mkono kikapuni mwako, waseme: njo yenyewe. Amina.